Uzi: Pia ya goti inayohama mara kwa mara. Kabla hujakubali kupasuliwa, uliza inahama kwa nini

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Nimesoma nyuzi za magoti humu kwa miaka, na nyingi huishia kwenye "maji ya goti yamekauka", kisha mtu anashauriwa supu ya kongoro. Leo naomba tujadili tatizo jingine kabisa, ambalo si la maji wala la uzee. Ni pale pia ya goti, ile wazee wetu wanayoiita kilegesambwa, inapotoka mahali pake ikaenda ubavuni, ikarudi, halafu baada ya wiki au miezi ikatoka tena. Mimi limenitesa miaka 10 na nimepasuliwa mara 2. Upasuaji wa kwanza haukunisaidia kitu. Wa pili umenirudishia mguu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Lilianza nikiwa kidato cha pili, kwenye mechi ya netiboli ya kuchuja wachezaji wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania. Wanaoijua netiboli wanajua huruhusiwi kutembea na mpira: unadaka, unakita mguu, unageuka juu ya mguu huohuo. Nikadaka, mguu wa kushoto ukakita, goti limekunjika kidogo tu, mwili ukageuka kulia. Nikasikia kitu kinateleza. Nilipotazama chini, mbele ya goti palikuwa bapa kama kiganja na donge gumu limekaa upande wa nje. Goti likagoma kunyooka. Mwalimu wetu wa michezo alinishika kisigino, akanyoosha mguu polepole sana huku akinisemesha nisikaze misuli, na pia ikarudi yenyewe kwa mlio ambao hadi leo nikiukumbuka nasisimka. Ndani ya saa moja goti lilikuwa kubwa kama papai.

Nyumbani wakasema nimeteguka. Nikafungwa bandeji, nikachuliwa na mafuta ya nazi siku 9, nikarudi shule. Baada ya miezi 5 ikatoka tena, safari hii nashuka kwenye daladala. Ikawa ndiyo maisha. Ilitoka nikiinuka kwenye mkeka, ilitoka nikigeuka kitandani, siku moja ilitoka nimesimama tu jikoni nikageuka kuchukua mwiko. Nilianza kuandika kwenye daftari kila inapotoka. Hadi napasuliwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka 19, nilikuwa nimeandika mara 11.

Upasuaji huo wa kwanza (hospitali siitaji) nilipigwa picha moja tu ya eksirei, nikaambiwa utando wa upande wa nje wa goti umekaza na unaivuta pia. Wakaukata ule utando kuulegeza, basi. Hakuna aliyepima kitu kingine. Miezi 4 baadaye nikiwa nashuka ngazi za hosteli pia ikatoka, na nikahisi inatoka kwa urahisi kuliko zamani. Miaka mingi nimedhani mwili wangu ndio mbovu. Kumbe kulegeza utando wa nje peke yake kwa mtu ambaye pia yake inatoka, leo wataalamu wa goti hawaukubali kama tiba, kwa sababu hauzuii kitu kinachoruhusu pia itoke, na unaweza hata kuizidishia ulegevu.

Sasa nieleze nilivyoeleweshwa na daktari wa pili, maana dakika 20 alizokaa na mimi zilikuwa na thamani kuliko miaka yote ya nyuma.

Fikirieni geti la kusukuma, lile linalopita juu ya reli. Pia ni geti. Reli ni mfereji ulioko mwisho wa fupa la paja, na pia inapita humo kila unapokunja goti. Mguu ukiwa umenyooka kabisa, pia imekaa juu ya mfereji, haijaingia, na kinachoishikilia isiende nje ni kano moja nyembamba ya upande wa ndani, inayotoka kwenye pia hadi kwenye fupa la paja. Ukikunja goti kufikia nyuzi 30 hivi, pia inaingia kwenye mfereji na sasa mfupa wenyewe unaishika. Kwa hiyo hatari iko kwenye zile nyuzi za mwanzo, goti limekunjika kidogo na mguu umekita. Mara ya kwanza pia inapotoka, karibu kila mtu huchanika ile kano ya ndani. Ikipona imelegea, mlango uko wazi.

Lakini kwa nini ilitoka mara ya kwanza? Hapo ndipo watu tunatofautiana. Huenda mfereji wako ni bapa, haukuchimbika vizuri tangu ulipoumbwa. Huenda pia yako imekaa juu mno, inachelewa kuingia kwenye mfereji. Huenda kile kinundu cha muundi, unachokigusa chini kidogo ya goti, kiko nje mno, hivyo kila msuli wa paja ukivuta, unaivuta pia kwenda nje. Huenda magoti yako yanagongana, au fupa lote la paja limejipinda kuelekea ndani. Huenda viungo vyako vyote ni vilegevu. Na wengi wetu tuna mchanganyiko.

Mimi nilipimwa hivi. Eksirei ya ubavu wa goti inaonyesha urefu wa pia: wanagawanya umbali wa kutoka pia hadi muundi kwa urefu wa uso wa pia wenyewe, na ikizidi 1.2 inahesabiwa iko juu. Yangu ilikuwa 1.3. Kisha CT, ile eksirei ya kompyuta, wanapima kinundu cha muundi kiko mbali kiasi gani, kwa upande, kutoka pale mfereji ulipozama zaidi. Zaidi ya milimita 20 ni nyingi. Yangu ilikuwa 23. Mfereji wenyewe wanaupanga kwa herufi A hadi D kwa mtindo wa daktari Dejour wa Lyon kule Ufaransa, nami niko A, yaani hauna kina kirefu lakini haukuharibika sana. Daktari akaniambia, "Binti yangu, hata nikikuwekea kano mpya ya chuma, kwa namba hizi itavutwa hadi ilegee."

Kwa hiyo nilifanyiwa vitu viwili kwa pamoja. Walichukua kano kutoka msuli wa nyuma ya paja langu mwenyewe wakatengeneza kano mpya ya ndani. Na walikata kinundu cha muundi pamoja na kipande cha mfupa wake, wakakisogeza ndani milimita 10 na chini milimita 6, wakakifunga kwa skrubu 2. Sasa ni miaka 2 na miezi 4. Daftari halijaongezeka hata mstari mmoja.

Nitaeleza baada ya upasuaji kulikuwaje. Kwanza nisikie wenzangu.

Mzee wa Mbinga

Vijana wa siku hizi mnakimbilia kisu. Sisi huku goti likiteguka tunaye mzee anayechua na kufunga kwa majani, na watu wanatembea. Nimewaona kwa macho yangu. Huyo binti angemfuata mapema asingekatwa mara mbili.

BintiPangani

Shikamoo mzee wangu. Sikatai kwamba watu wanatembea. Hata mimi nilikuwa natembea baada ya kila mara, na pia ikirudi mahali pake maumivu hupungua hata usipoguswa na mtu. Ndiyo maana inaonekana aliyechua kaponya. Ombi langu kwako ni moja: goti likivimba haraka baada ya pia kutoka, ile ni damu imejaa ndani, na mara nyingine kuna kipande cha gegedu na mfupa kimebanduka pia ilipogonga ukingo wa mfereji. Kuchua goti la namna hiyo ni kukisaga kile kipande humohumo. Mzee akichua baada ya picha kuonyesha hakuna kitu, sina neno.

Mzee wa Mbinga

Marahaba mwanangu. Hilo la kipande sikulijua. Endelea.

Fizio_Kirumba

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, Mwanza. Naunga mkono karibu yote aliyosema dada, nina nyongeza.

Mtu asisome uzi huu akadhani pia ikitoka mara moja basi ni thieta. Mara ya kwanza, kama hakuna kipande kilichobanduka na pia imerudi katikati, tunaanza na mazoezi. Barafu, kuegemea magongo siku chache, kishikizo cha goti kwa muda mfupi, halafu kazi. Msiwafunge watu hogo la plasta wiki 6. Paja linakonda, goti linakuwa gumu, na ile kano haiponi vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Kazi yenyewe ni msuli wa mbele wa paja, misuli ya nyonga (wengi wanaisahau, na ndiyo inayozuia paja lisijipinde ndani unapotua), na kujifunza upya kutua na kugeuka.

Wapo ambao wakishatoka mara ya kwanza hawatoki tena maisha yao yote. Ila ikishatoka mara ya pili, hesabu inabadilika: karibu nusu ya hao itawatoka tena ndani ya miaka michache. Na ukiwa mdogo wa umri, mfereji bapa, pia iko juu, uwezekano unapanda. Hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yanakuwa na maana.

Kwenye historia kidogo, maana nalipenda somo hili. Mwaka 1938 mpasuaji Hauser alieleza upasuaji wa kuhamisha kinundu cha muundi kuelekea ndani. Pia za magoti zilitulia. Lakini kwa umbo la muundi, ukikipeleka kinundu ndani kwa njia yake kinarudi na nyuma, kwa hiyo pia inakandamizwa kwenye paja kwa nguvu kubwa zaidi, na miaka ikipita wagonjwa wakapata usagikaji wa goti. Mwaka 1983 mpasuaji mwingine, Fulkerson, akaeleza kukata mfupa kwa mshazari, ili kinundu kikienda ndani kije na mbele, mgandamizo upungue. Mbinu hiyo bado inatumika. Nawaambia haya ili mtu asidhani "kuhamisha mfupa" ni kitu kimoja. Namna unavyohamishwa ndiyo inayoamua goti lako la miaka 50.

Winga_7

Wakuu nisaidieni. Mimi mchezaji wa ndondo, soka la mtaani, miaka 22. Pia ilinitoka mara 4. Nimefanyiwa kano mpya tu, hawakugusa mfupa. Sasa mwezi wa 5 goti halikunji zaidi ya hapo linapofika pembe ya kiti. Nikilazimisha linauma upande wa ndani, panapokaza kama kamba. Pia haijatoka tena, hilo nashukuru. Ila chooni kwetu ni cha kuchuchumaa na nateseka. Kocha anasema mtu apande juu ya goti alikandamize.

Fizio_Kirumba

Mdogo wangu, mtu asikalie goti lako. Tafadhali sana.

Nikuulize: mazoezi ya kukunja ulianza lini baada ya upasuaji?

Winga_7

Wiki ya 6. Kabla ya hapo nilifungwa mguu ukiwa umenyooka, nikaambiwa nisikunje kabisa. Halafu fiziotherapia ilikuwa mbali, nikawa nakwenda mara moja kwa wiki mbili.

Fizio_Kirumba

Basi sababu zinaweza kuwa mbili, na ni muhimu kuzitenganisha.

Moja ni ugumu wa kawaida kwa kuchelewa kukunja. Kwa kano mpya peke yake tunataka goti lianze kukunjwa siku za mwanzo kabisa, na ikifika wiki ya 6 uwe unakaribia kukunja lote. Ugumu wa namna hii hupungua kwa kazi ya kila siku, si ya mara moja kwa wiki mbili.

Ya pili ni mahali kano ilipofungwa kwenye fupa la paja. Pale pana nafasi ndogo sana inayofaa. Mwaka 2007 Schöttle na wenzake walionyesha namna ya kuipata kwa eksirei ya ubavu, na wapasuaji wengi hutumia mashine ya eksirei humohumo thieta kuhakikisha kabla ya kutoboa. Tobo likienda juu au mbele kwa milimita chache tu, kano inakaza kila unapokunja goti. Vilevile kano ikivutwa sana wakati wa kufungwa, matokeo ni hayohayo. Kazi ya kano hii ni kuzuia pia isitoke kwenda nje. Haitakiwi kuivuta pia kuileta ndani.

Kwa hiyo rudi kwa daktari wako, mwombe eksirei ya ubavu iliyopigwa sawasawa, na muulize kwa adabu: "Daktari, tobo la paja liko mahali pake?" Likiwa mahali pake, tunapambana na mazoezi. Likiwa halipo, kuna njia ya kurekebisha, na kukandamiza kwa nguvu kutachana kano au kuvunja pia pale ilipotobolewa.

BintiPangani

Winga pole sana ndugu yangu. Kuhusu choo: mimi nilitoboa kiti cha plastiki katikati nikakiweka juu ya tundu. Miezi 3 hivyo. Na msikitini nimeswali juu ya kiti karibu mwaka mzima, kwa sababu hata goti lilipokubali kukunja, kupiga magoti juu ya lile kovu kulileta ganzi na maumivu kwa pamoja. Ganzi ya upande wa nje wa mshono bado ipo hadi leo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Waliniambia mapema kwamba vijishipa vya fahamu vya ngozi hukatwa pale, kwa hiyo sikushtuka.

Nimalizie hadithi yangu basi.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikawa nasikia msumeno mdogo na mazungumzo yao. Kesho yake asubuhi dada wa fiziotherapia akaja, akakunja kanga yangu ikawa kama mto, akaiweka chini ya goti, akasema, "Ikandamize kanga kwa goti." Nikalitazama paja langu. Naliamuru, halisikii. Silisikii likijikaza, halitikisiki, kama paja la mtu mwingine. Nililia pale kuliko nilivyolia kwa maumivu. Yule dada hakuondoka. Akaniwekea kidole juu ya msuli, upande wa ndani juu ya pia, akasema nifikirie kidole tu. Siku ya tatu msuli ukaruka mara moja chini ya kidole chake. Kutoka hapo nilikuwa nakandamiza kanga mara 10 kila saa niliyokuwa macho.

Kwa sababu mfupa ulikatwa, wiki 6 nilitembea na magongo, mguu ukigusa chini kidogo tu. Kukunja kulianza mapema, kwa hatua. Eksirei ya wiki ya 6 ilionyesha mfupa unaunga, ndipo nikaanza kuukanyagia. Kuendesha baiskeli ya mazoezi isiyotembea mwezi wa 3, kukimbia polepole mwezi wa 5. Netiboli niliambiwa si kabla ya mwezi wa 9, na hata hapo nipimwe: kuruka kwa mguu mmoja, nguvu ya paja la kushoto ikaribie la kulia. Nilirudi uwanjani mwezi wa 11.

Skrubu zangu zinaonekana kama vinundu viwili chini ya ngozi, nikigonga stuli zinauma. Zinaweza kutolewa mfupa ukishaunga. Sijaamua.

Nesi_Likoni

Hamjambo nyote. Mimi ni nesi Mombasa, wodi ya mifupa. Naongeza yale ya wodini maana wagonjwa wanarudishwa nyumbani wakiwa hawajaelezwa.

Mkifika nyumbani, shavu la mguu likivimba na kuuma ukilifinya, au pumzi ikaanza kukatika ghafla, hiyo yaweza kuwa damu imeganda. Njooni usiku huohuo, msingoje kliniki. Kidonda kikitoa maji baada ya siku kadhaa za kukauka, au homa ikapanda na goti likawa la moto, njooni vilevile. Msitie unga wa antibiotiki wala majivu juu ya mshono. Na wavuta sigara, haswa wale waliokatwa mfupa: sigara huchelewesha mfupa kuunga. Nimewaona.

Jambo jingine la pesa. Huku kwetu Kenya bima ya afya ya serikali imehamia SHA kutoka NHIF, na Tanzania mna bima zenu. Kokote uliko, kabla ya kulazwa uliza vitu vitatu kwa maandishi: upasuaji umeidhinishwa, skrubu na nanga za kufungia kano analipa nani, na vikao vya fiziotherapia vingapi vimo. Vifaa ndivyo huwashangaza watu siku ya kutoka. Na upasuaji bila fiziotherapia ni nusu ya tiba, kwa hiyo kama pesa ni ya moja tu, afadhali ungoje mpaka ziwe za zote mbili, maana hili si jambo la dharura isipokuwa kuna kipande kimebanduka ama pia imekataa kurudi.

Mkata_Kamba

Dada mwanzisha uzi, taja hospitali basi tujue pa kwenda na pa kukimbia.

BintiPangani

Iliyoniumiza siitaji, na yule daktari wa kwanza naamini alifanya alichofundishwa. Kwa kuanzia, madaktari bingwa wa mifupa wapo MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya hospitali ya Kikuyu ina jina la siku nyingi kwenye mifupa. Lakini kuliko jengo, muulize daktari mwenyewe: tatizo hili amelifanyia upasuaji mara ngapi? Pia yangu inatoka kwa sababu ipi kati ya zile? Namba zangu ni ngapi? Akikwambia namba za MRI, ile picha ya sumaku, jua umbali wa kinundu kwenye MRI huwa unatoka mdogo kuliko kwenye CT, usilinganishe na za jirani yako.

Na ukiambiwa mfereji wenyewe unatakiwa uchimbwe upya, uliza mara mbili. Upasuaji huo upo, unafaa kwa wale wenye mfereji uliobenuka badala ya kuzama, ila ni mzito, unagusa gegedu, na haufanywi kwa mtoto anayekua.

MamaVero

Umenigusa hapo kwa mtoto. Binti yangu ana miaka 12, darasa la saba. Pia ya kulia imemtoka mara 3 tangu Januari, zote kwenye netiboli na kuruka kamba. Tumeambiwa tusubiri hadi akue. Nikimuona anavyoshuka ngazi kwa kuogopa, ameshika ukuta, moyo unaniuma. Kusubiri miaka mingapi?

Fizio_Kirumba

Pole mama. "Asubiri" inaweza kuwa kweli nusu. Mtoto wa umri huo ana sehemu za mfupa ambazo bado zinakua karibu na goti. Kinundu cha muundi hakihamishwi kabla sehemu hizo hazijafunga, kwa sababu mbele ya muundi ikiacha kukua na nyuma ikaendelea, goti litapinda kurudi nyuma. Hilo ndilo la kusubiri.

Lakini kano ya ndani inaweza kutengenezwa kwa mtoto, na mpasuaji mzoefu. Inafungwa kwenye fupa la paja chini tu ya sehemu inayokua, kwa kuangalia eksirei, bila kuitoboa. Na kama magoti yake yanagongana, ukuaji wenyewe ni nafasi: kijibamba kidogo kinawekwa upande wa ndani wa sehemu inayokua, upande wa nje unaendelea kukua, mguu unanyooka wenyewe ndani ya miezi, kisha kinatolewa. Nafasi hiyo akishakua haipo tena. Akisimama, magoti yakigusana, vifundo vya miguu vinaachana?

MamaVero

Nimemsimamisha sasa hivi. Vinaachana vidole vinne vyangu.

Fizio_Kirumba

Basi mpeleke kwa bingwa wa mifupa wa watoto kabla ya mwisho wa mwaka, na umtajie hilo la vidole vinne. Wakati huohuo aanze mazoezi ya nyonga na paja, na netiboli apumzike. Kuogelea kwa kupiga miguu juu na chini ni sawa, ule mtindo wa chura hapana.

Winga_7

Mrejesho wakuu. Nimepigwa eksirei. Daktari ameniambia tobo liko mahali pake, tatizo ni ugumu. Nimehamia kwa shangazi karibu na hospitali, fiziotherapia mara 4 kwa wiki. Jana nimefika nyuzi 104. Asanteni, na kocha nimemwambia.

MamaVero

Na mimi narudi na majibu. Tumekwenda. Wamempiga eksirei ya miguu yote miwili akiwa amesimama, tangu nyonga hadi kifundo, na ya ubavu wa goti. Daktari kasema ukuaji bado upo, magoti yanagongana kiasi cha kutibika kwa kile kijibamba, na kano ataitengeneza siku hiyohiyo. Kabla ya hapo anataka MRI kuona gegedu. Tarehe ya MRI tumepewa wiki mbili zijazo. Vero aliuliza swali moja tu: je, atacheza tena nafasi ya C, ile ya katikati kwenye netiboli? Daktari akamjibu, "Kwanza nionyeshe umesimama kwa mguu huo mmoja dakika nzima." Sasa anajaribu kila jioni akiwa ameshika kiti, mdogo wake anamhesabia.

Dada BintiPangani, kuna kitu kingine nimwandalie daktari kabla ya MRI?

BintiPangani

Mama, mnunulie daftari dogo. Aandike mwenyewe kila mara ilipotoka au ilipotaka kutoka: tarehe, alikuwa anafanya nini, goti lilikuwa limekunjika kiasi gani, ilirudi yenyewe au ilirudishwa, ilivimba au haikuvimba. Aanze na zile 3 za mwanzo wakati bado anazikumbuka. Daktari wangu wa pili alilisoma la kwangu ukurasa kwa ukurasa kabla hajaligusa goti, akasimama kwenye ule mstari wa jikoni na mwiko, akasema, "Hapa ulikuwa umesimama tu. Nenda kapige CT."